Kutoka nusu pete ya bati hadi shimo jeusi: mwongozo kamili wa kaustiki na uvutano

Weka pete ya ndoa juu ya karatasi nyeupe, juani, saa mbili asubuhi. Ndani yake, upande ulio mbali na jua, utaona mstari mkali wa mwanga uliojikunja na kutoa ncha moja katikati. Mstari huo unaitwa kaustiki. Ni mahali ambapo miale jirani, ikishagonga ukuta wa pete, inakutana.

Mwongozo huu unaanzia kwenye mstari huo na kufika kwenye hesabu ambayo mwanafizikia Roger Penrose aliitumia mwaka 1965 kuonyesha kwamba nyota inayojiporomokea yenyewe, ikishavuka kiwango fulani na kuzaa shimo jeusi, lazima njia za mwanga ndani yake zikatike. Njia nzima ina swali moja tu: upana kati ya miale miwili jirani unabadilikaje kadiri miale inavyosonga mbele? Jiometri tofautishi, yaani jiometri inayochunguza mistari na nyuso kipande kidogo kwa kipande kidogo, ina jibu la swali hilo. Jibu linafanya kazi vilevile kwa bati lililopindwa, kwa mpira, kwa Jua na kwa galaksi.

Nimeuandika kwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita wa tahsusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), kwa mwalimu wake, na kwa yeyote aliyesoma hesabu akaziacha. Unahitaji kujua sin na cos, na maana ya derivativu. Usisome tu. Kila hatua ina kitu cha kufanya kwa mikono, na hatua za mwisho hazitakuingia kama hujazifanya za mwanzo.

Vifaa

Ukanda wa bati jembamba jipya lenye kung'aa, upana sentimita 5, urefu sentimita 32. Karatasi mbili kubwa za manila. Mkebe wenye bikari na kipimapembe. Mpira wa miguu namba 5. Kibuyu chenye kiuno. Selotepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi. Uzi. Glasi ya mvinyo yenye mguu, ambayo katika mji wa zabibu kama huu wa Dodoma haitakusumbua kuipata. Hata iliyovunjika juu inafaa, mradi tako lake ni zima na umefunika mahali palipovunjika kwa tepu nyeusi. Simu yenye tochi. Kwa hatua ya saba, kompyuta yoyote yenye programu ya majedwali.

Hatua ya 1: Pinda bati, soma mwanga

Chora duara la nusu kipenyo R = sentimita 10 kwenye manila. Pinda ukanda wa bati ufuate nusu ya duara hilo, ukiwa umesimama wima, mgongo wake ukiegemezwa kwa mawe au matofali madogo. Upepo wa Dodoma mwezi wa Julai si wa kupuuza, kwa hiyo karatasi nayo iwekee mawe pembeni. Elekeza upande ulio wazi kwa jua.

Saa ni muhimu. Fanya kazi hii kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mwale unapogonga ukuta uliosimama wima, mwinamo wake wa kushuka haubadiliki. Kinachogeuka ni mwelekeo wake wa ulalo tu. Ndiyo maana jua la mshazari juu ya bati lenye kimo linachora kwenye karatasi umbo lilelile ambalo lingechorwa na miale iliyolala kabisa. Ila bati lazima liwe na kimo cha kutosha: angalau nusu ya R mara tan ya pembe ya jua juu ya upeo. Jua likiwa nyuzi 45, R ya sentimita 10 inadai kimo cha sentimita 5, ndiyo maana nimekutajia upana huo. Ukisubiri adhuhuri hutaona kitu. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba jua hupita juu kabisa ya kichwa. Tena adhuhuri ya kweli hapa haiji saa sita kamili: kwa kuwa saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 na mji uko karibu nyuzi 36, inachelewa kwa zaidi ya nusu saa kwa wastani.

Fuatisha mstari wa mwanga kwa penseli. Pima umbali kutoka kitovu cha duara hadi kwenye ncha. Unapaswa kupata sentimita 5, yaani nusu ya R. Ukipata 4 au 6, bati halijafuata duara vizuri.

Hatua ya 2: Chora kaustiki bila jua

Kwenye manila ya pili chora duara lilelile la sentimita 10 na uligawe kwa nukta 72, kila nyuzi 5. Nukta 0 iwe pale katikati ya bati, mbali kabisa na jua. Kutoka hapo hesabu kwa kuzunguka: 1, 2, 3 hadi 71.

Sasa unganisha kila nukta n na nukta 3n + 36, ukiondoa 72 kila hesabu inapozidi. Nukta 0 inaungana na 36. Nukta 6 inaungana na 54. Nukta 10 inaungana na 66. Nukta 71 inaungana na 33. Zitumie nukta za upande wa bati tu, yaani 0 hadi 18 na 54 hadi 71. Kila mstari unaouchora ni mwale mmoja baada ya kuakisiwa: ukigonga duara kwenye pembe t kutoka katikati, unaakisiwa na kwenda kukata duara tena kwenye pembe 3t + 180. Sheria ya kawaida ya kioo, pembe ya kuingia sawa na pembe ya kutoka, ndiyo inayozaa ile mara tatu.

Hukuchora mkunjo wowote, umechora mistari iliyonyooka mitupu, lakini mkunjo umejitokeza. Ehrenfried Walther von Tschirnhaus aliuchunguza mwaka 1682, na Johann Bernoulli miaka kumi baadaye. Weka manila hii chini ya bati juani. Mwanga na penseli vitalaliana.

Kisha fanya kipimo kimoja ambacho mimi nakithamini kuliko vyote vya hatua hii. Chukua mstari wowote, kwa mfano ule wa 6 hadi 54. Urefu wake ni sentimita 17.3. Gawanya kwa nne: 4.3. Pima sentimita 4.3 kutoka upande wa bati na uweke alama. Alama itaangukia juu ya kaustiki. Rudia kwa mstari mwingine, kisha mwingine. Kila mwale unaigusa kaustiki kwenye robo ya kwanza ya safari yake.

Hatua ya 3: Kwa nini robo

Hapa ndipo jiometri tofautishi inapoingia, na inaingia kwa hesabu fupi.

Chukua miale miwili jirani, mmoja unaogonga kwenye pembe t, mwingine kwenye t + d, d ikiwa ndogo sana. Kipande cha bati kati yao kina urefu R·d. Miale imekuja kwa mshazari wa pembe t, hivyo upana kati yao mara tu baada ya kugonga ni R·cos t·d. Kuhusu mielekeo: kioo kikigeuka kwa pembe d, mwale ulioakisiwa unageuka kwa 2d. Kwa hiyo miale hii miwili inakaribiana, na baada ya kusafiri umbali s upana wake ni

w = R·cos t·d − 2d·s

Upana unafika sifuri pale s = (R/2)·cos t. Mwale mzima ndani ya duara una urefu 2R·cos t. Robo yake ni hiyohiyo.

Soma tena mstari huo wa hesabu, maana umebeba kila kitu. Kaustiki ni mahali ambapo w = 0. Kila tunapotafuta kaustiki, popote ulimwenguni, tutaandika upana w wa miale jirani na kuuliza ni lini unakuwa sifuri. Mwanga unang'aa sana hapo kwa sababu nishati iliyokuwa imetandazwa kwenye upana fulani imebanwa kwenye upana usio na kitu. Hesabu ya miale inasema mng'ao huo hauna kikomo. Mwanga wenyewe ni wimbi na haukubali hilo. George Airy alionyesha mwaka 1838 jinsi wimbi linavyolainisha ukingo wa kaustiki, alipokuwa akieleza upinde wa mvua, ambao nao ni kaustiki ya matone.

Andika pia uwiano B = w′/w, yaani kasi ya upana kubadilika ikigawanywa kwa upana wenyewe. Kwenye karatasi bapa utapata

B′ = −B²

Baada tu ya bati, B ni −2/(R·cos t). Mlinganyo huu unasema kwamba B ikishaanza hasi itakimbilia hasi isiyo na mwisho ndani ya umbali 1/|B|, ambao ni ileile (R/2)·cos t. Weka karatasi hii pembeni. Tutaihitaji mwishoni.

Hatua ya 4: Bonyeza bati

Bonyeza bati polepole kwa vidole, lipoteze umbo la duara. Ncha inasogea, inalala upande, inanenepa, lakini haipotei. Hassler Whitney alithibitisha mwaka 1955 kwamba tandiko bapa likikunjwa juu ya lingine kuna aina mbili tu za makunyanzi yanayodumu unapolitikisa: mkunjo wa kawaida na ncha. Ndiyo maana kwenye beseni la maji juani, na kwenye maji ya kina kifupi ukingoni mwa Bwawa la Hombolo, unaona wavu wa mistari ya mwanga inayokutana kwenye ncha, siku zote hizohizo mbili.

Dishi la king'amuzi linakusanya mawimbi kwenye nukta moja, lakini nukta kamili haidumu. Ligonge kidogo na nukta hiyo inafunguka kuwa mikunjo na ncha. Kumbuka hili tutakapofika kwenye glasi.

Hatua ya 5: Mpira na kibuyu

Mpaka sasa uso ulikuwa bapa na kioo ndicho kilichokaribisha miale. Sasa tunatoa kioo na kuupinda uso wenyewe.

Zungusha uzi katikati ya mpira uwe ikweta. Kata selotepu vipande vyembamba vya nusu sentimita. Anzisha vipande viwili kwenye ikweta, umbali wa sentimita 4, vyote kwa pembe mraba, na uvibandike kwenda juu bila kuvilazimisha. Ukijaribu kukigeuza kipande, ukingo mmoja utakunjamana. Kikilala bila kukunjamana kimefuata mstari ulionyooka kuliko yote uwezekanao juu ya mpira. Mstari wa namna hiyo unaitwa jiodesiki.

Vipande vilianza sambamba na hakuna kilichovigeuza, lakini vitakutana. Mpira namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo vinakutana baada ya robo ya hiyo, sentimita 17 na kitu. Pima upana katikati ya safari, kwenye sentimita 8.6 hivi: utapata karibu sentimita 2.8, ambayo ni 4 mara cos ya nyuzi 45.

Kanuni iliyo nyuma yake ni hii:

w″ = −K·w

K ni mpindo wa uso, ule ambao Carl Friedrich Gauss aliueleza mwaka 1827. Kwa mpira, K = 1/R². Kwa karatasi bapa K ni sifuri, ndiyo maana w ya hatua ya 3 ilipungua kwa mstari ulionyooka. Sasa bandika vipande viwili sambamba vikipita kiunoni mwa kibuyu, kimoja kando ya kingine, kutoka tumbo dogo kwenda tumbo kubwa. Kiunoni K ni hasi, na vipande vinaachana.

Ukiandika tena kwa B:

B′ = −B² − K

Mpindo chanya unaharakisha kukutana, mpindo hasi unakuchelewesha. Bernhard Riemann, mwanafunzi wa Gauss, alipanua wazo la mpindo mwaka 1854 hadi kwenye nafasi za vipimo vingi. Einstein alilitumia mwaka 1915 kusema kwamba uvutano ni mpindo wa anga na wakati kwa pamoja, na kwamba mwanga hauvutwi kwa nguvu bali unafuata jiodesiki. Kwa hiyo miale miwili jirani inayopita karibu na nyota ni vipande viwili vya selotepu, na swali ni lilelile la w.

Kabla ya kuuweka mpira chini, fanya jambo moja zaidi. Shikilia uzi kwenye ikweta, uvute juu hadi kwenye ncha ya mpira, kisha uupitishe upande wa pili kwa sentimita chache, na uukaze. Mwisho wake ulio kwenye ikweta, usipoubana, utataka kuteleza kando ya ikweta. Ukishapita mahali w ilipokuwa sifuri, njia uliyoifuata si fupi kuliko zote tena. Kutoka upande wa pili kuna njia fupi zaidi ya kurudi ikweta. Jambo hili dogo ndilo moyo wa hoja ya Penrose.

Hatua ya 6: Pima mpindo wa Jua kwa kikokotoo

Mwale unaopita umbali b kutoka kitovu cha masi M unapinda kwa pembe

a = 4GM / (c²·b)

Weka G = 6.674 × 10⁻¹¹, M ya Jua = 1.989 × 10³⁰ kilo, c = 2.998 × 10⁸ mita kwa sekunde. Thamani ya 4GM/c² inatoka karibu mita 5,900. Gawanya kwa nusu kipenyo cha Jua, mita 6.96 × 10⁸, kisha zidisha kwa 206,265 ili kupata sekunde za pembe. Jibu ni 1.75. Hesabu ya mtindo wa Newton inatoa nusu yake tu. Nusu ya pili inatokana na mpindo wa nafasi. Hicho ndicho kilichopimwa wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, Arthur Eddington akiwa kisiwani Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi, na kundi la pili likiwa Sobral, Brazili. Kupatwa kwa kipete kama kule kulikoonekana Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kusingefaa kwa kipimo hiki: pete ya Jua inayobaki wazi inafukuza nyota zote.

Sasa uliza kuhusu w. Miale miwili iliyo kandokando, yote kwa umbali b uleule kutoka kitovu, inakaribiana kwa kiwango a/b. Miale miwili iliyo mmoja juu ya mwingine, mmoja karibu na Jua na mwingine mbali kidogo, inaachana, kwa sababu wa karibu unapinda zaidi. Na kiwango cha kuachana ni a/b hiyohiyo. Mwelekeo mmoja unabana, mwingine unatanua, kwa kipimo sawasawa. Duara la miale linakuwa duaradufu.

Usawa huo una maana nzito. Nje ya Jua ni utupu, na mlinganyo wa Einstein unasema kwamba katika utupu wastani wa mpindo kwa pande zote ni sifuri. Utupu hauwezi kukusanya mwanga, unaweza tu kuukamua. Kukusanya kwa pande zote kunahitaji mata ndani ya njia ya mwanga yenyewe, kama inapopita katikati ya galaksi.

Upande unaobana unafika w = 0 kwa umbali b/a. Kwa mwale unaopangusa uso wa Jua, hiyo ni karibu mara 548 ya umbali kutoka Dunia hadi Jua. Kaustiki ya Jua letu inaanzia huko. Voyager 1, chombo kilichorushwa mwaka 1977, hakijafika hata nusu ya njia.

Hatua ya 7: Tako la glasi, kisha kompyuta

Tako la glasi nyingi za mvinyo ni nene katikati na linapungua haraka, kisha polepole kuelekea ukingoni. Umbo hilo linakaribia kupinda mwanga kwa kiwango cha 1/b, kama masi. Chora nukta nyeusi kwenye karatasi, liweke jicho juu ya tako, na ulisogeze hadi nukta iwe nyuma ya katikati kabisa. Nukta itatanuka kuwa pete. Sogeza kidogo pembeni na pete inakatika kuwa vipande viwili. Ndivyo galaksi ya mbali inavyoonekana nyuma ya galaksi ya karibu.

Usiku, ndani ya chumba chenye giza, weka tochi ya simu mita mbili au tatu na uliweke tako mbele ya karatasi nyeupe. Lielekeze sawasawa na utapata kitone cha mwanga katikati. Sasa liinamishe polepole. Kitone kinafunguka kuwa umbo la almasi lenye ncha nne. Ile nukta isiyodumu ya hatua ya 4 imevunjika kuwa mikunjo na ncha, kama Whitney alivyosema. Tako si umbo kamili, kwa hiyo usidai ulinganifu mzuri.

Ulinganifu upate kwenye kompyuta. Kwa kila nukta (x, y) ya anga unayoiona, mahali ilipotoka nuru ni (p, q):

p = (1 + g)·x − x/r²
q = (1 − g)·y − y/r²

ambapo r² = x² + y², na g ni ukamuaji unaoletwa na galaksi nyingine jirani. Tengeneza safu za x na y kutoka −2 hadi 2 kwa hatua za 0.02, ruka nukta zote zenye r chini ya 0.3, kokotoa p na q, na uchore nukta za (p, q) tu. Kazi hii inazaa nukta kama elfu arobaini. Ikiwa mashine yako ni dhaifu, tumia hatua za 0.05. Weka g = 0.1 na ukuze sehemu ya katikati ya mchoro.

Utaona almasi ya glasi. Hakiki ncha zake: mbili ziko kwenye p = ±2g/√(1 − g), yaani ±0.211, na mbili kwenye q = ±2g/√(1 + g), yaani ±0.191. Kisha weka g = 0, almasi inasinyaa kuwa nukta. Weka g = 1.2, inagawanyika kuwa pembetatu mbili zenye pande zilizopinda.

Kipimo cha mng'ao ni kileile cha upana: eneo dogo la anga linapopelekwa kwenye eneo la sifuri, taswira inakuzwa bila kikomo. Wanaastronomia huandika uwiano wa maeneo hayo kuwa (1 − k)² − s², ambapo k ni mkusanyo unaoletwa na mata iliyo njiani na s ni ukamuaji. Kaustiki ni pale uwiano huo unapokuwa sifuri. Chanzo kikiwa ndani ya almasi, kina taswira nne. Kikiwa nje, mbili. Kikivuka mkunjo, taswira mbili zinazaliwa au kufa kwa pamoja, kamwe si moja.

Msalaba wa Einstein, uliogunduliwa mwaka 1985, ni kwasari moja (kitovu king'avu mno cha galaksi ya mbali) inayoonekana mara nne kuzunguka kitovu cha galaksi iliyo mbele yake. Mwaka 2014 darubini ya Hubble iliona supanova moja, yaani mlipuko wa nyota, mara nne kwa mkupuo. Wataalamu walikokotoa kwamba taswira nyingine ya supanova hiyohiyo ingetokea baadaye mahali pengine, kwa kuwa njia yake ni ndefu zaidi. Desemba 2015 ikatokea. Mwaka 2022 ikatangazwa Earendel, nyota iliyo mbali kiasi kwamba nuru yake imesafiri karibu miaka bilioni 12.9, nayo inaonekana kwa sababu tu imekaa karibu kabisa na mkunjo wa kaustiki.

Hatua ya 8: Karatasi ya hatua ya 3 inarudi

Mwaka 1955 Amal Kumar Raychaudhuri, akiwa Calcutta, alichapisha mlinganyo wa jinsi kundi la njia jirani linavyobana au kutanuka katika anga-wakati. Kwa mwanga, tukiita T kiwango cha kubadilika kwa eneo la kundi la miale (isiyojizungusha yenyewe) kikigawanywa kwa eneo lenyewe, unasomeka hivi:

T′ = −T²/2 − s² − (mpindo uletwao na mata)

Ulinganishe na B′ = −B² − K. Ni mlinganyo uleule. Nusu imeingia kwa kuwa eneo lina pande mbili, na s² ni ukamuaji wa hatua ya 6, ambao sasa unasaidia kubana. Sehemu ya mwisho, mata ikiwa na nishati isiyo hasi, haiwezi kutanua miale. Kwa hiyo kila kipengele upande wa kulia kinavuta T kushuka.

Jaribu kwenye jedwali: anza na T = −0.5, acha s na mata viwe sifuri, songa kwa hatua za 0.01 ukitumia T mpya = T − 0.01·T²/2. T inaporomoka karibu na umbali 4, yaani 2/|T|. Ongeza ukamuaji wowote na itaporomoka mapema zaidi.

Sasa hoja ya Penrose. Nyota ikiporomoka vya kutosha, unapatikana uso uliofungwa ambao miale inayotoka humo kwenda nje nayo inabana, sawa na ile inayokwenda ndani. T ni hasi pande zote. Basi kila mwale, mradi njia yake haijakatika, utafika kwenye kaustiki yake ndani ya umbali wenye kikomo.

Hapa lazima uwe makini, kwa sababu maelezo mengi yanakosea. Kaustiki si mwisho wa anga. Karatasi yako haikutoboka kwenye ncha ya bati. Miale ilikutana, ikapishana, ikaendelea. Kinachobadilika ni kile ulichokiona kwa uzi juu ya mpira: ukishaivuka w = 0, njia yako si ya mkato kuliko zote tena. Kwa mwanga maana yake ni kwamba mwale umeacha kuwa kwenye mpaka wa eneo linaloweza kufikiwa kutoka kwenye ule uso, na umezama ndani ya eneo hilo. Kama miale yote inaacha mpaka ndani ya umbali wenye kikomo, mpaka wenyewe ni kitu kilichofungwa, chenye ukubwa wenye kikomo. Lakini ukiufuata mpaka huo kurudi nyuma hadi kwenye anga lilivyokuwa mwanzo, unatakiwa ulitandaze anga lote hilo, ambalo halina mwisho. Kitu chenye kikomo hakiwezi kufunika kisicho na kikomo bila kuchanika. Njia pekee ya kutoka ni kwamba angalau mwale mmoja haukufika kwenye kaustiki yake: ulikatika njiani, kabla, kwa sababu anga-wakati lenyewe liliishia hapo.

Penrose alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020 kwa kazi hii. Ukitaka kuifuata kwa ukamilifu, jifunze kwanza tensa za mpindo za Riemann na Ricci, kisha urudi kwenye mlinganyo wa Raychaudhuri uuthibitishe mwenyewe kuanzia w″ = −K·w, ukiweka tensa mahali pa K.